Sapu mbili sio disko, ila usibaki shambani

Mdogo wangu wa Masasi nimekusoma, mwaka wa pili famasi, sapu mbili (mitihani ya marudio), farmakolojia (jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini) na kemia ya dawa, na mzee anataka ubaki kwenye korosho urudi mwakani. Sapu sio disko, yaani hujafukuzwa chuo, tulia. Ila usipotokea kwenye mtihani bila ruhusa ya chuo unahesabiwa umefeli, hapo ndo balaa linapoanza.

Tafuta kanuni za mitihani za chuo chako, achana na stori za gheto maana kila chuo na zake. Angalia GPA ya chini ya kuendelea, ukifeli sapu unakerii (unaendelea mbele huku unalibeba somo) au unarudia mwaka, na mwisho wa miaka ya kumaliza kozi. Vyuo vingi sapu hata ukipiga 80 unaandikiwa C kwahiyo usiumize kichwa na A, pita tu. Anza na farmakolojia, ukiibeba mpaka mwaka wa tatu matibabu ya magonjwa yatakuchapa vibaya mno, yale yote yamejengwa juu yake.

Kama ni ugonjwa au msongo unakula usingizi, nenda hospitali upate cheti, omba kuahirisha kwa maandishi KABLA ya mtihani sio baada. Na muulize afisa mikopo, boom (hela ya kujikimu ya mkopo) linaweza kusimama ukirudia mwaka.

Mzee mwambie hivi, kozi miaka 4, intanshipu mwaka 1, ndo Baraza la Famasi likusajili, sasa kila mwaka unaorudia anaulipia yeye. Ataelewa, wazee wa kusini hesabu za hela wanazijua. Kata tiketi ya kurudi chuo Dar mapema.