Mnunuzi alikuja mara moja, akanyamaza

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni katibu wa chama cha wakulima wadogo wa kahawa. Msimu juzi mkaangaji kutoka ng'ambo alitutembelea, akaisifu kahawa yetu na kununua magunia 30 kwa bei nzuri. Msimu uliofuata hakuonekana. Nilipomwandikia, alijibu kwamba bado ana mzigo ghalani. Wanachama wananidai majibu. Mnunuzi wa kudumu anapatikanaje?

JIBU: Ndugu Katibu, pole. Nimeonja na kununua kahawa kwa niaba ya waagizaji kwa miaka mingi, na sioni kwamba huyo bwana aliwadanganya. Alinunua kwa furaha, kupita uwezo wake wa kuuza. Magunia 10 kila msimu yangewafaa kuliko 30 ya mara moja.

Barua yako haimtaji mwagizaji, yaani anayeingiza kahawa nchini mwa mkaangaji, na hapo ndipo nina wasiwasi. Kontena la futi 20 hubeba takriban magunia 320 ya kilo 60. Yenu 30 yalisafiri ndani ya mzigo wa mtu mwingine. Huyo ndiye aliyelipa meli, mara nyingi kwa mkopo wa benki, na ndiye anayeitunza kahawa wakati mkaangaji anachukua gunia moja moja. Akiona magunia yenu yamelala, msimu ujao hawawekei nafasi, hata kama mkaangaji anawapenda kwa dhati. Mtafute, na mazungumzo yawe ya watu watatu: nyinyi, yeye na mkaangaji.

Tena yafanyike kabla ya mavuno. Kahawa ikishajaa ghalani, mnunuzi anajua mna haraka. Muulizeni mapema: kwa mwezi unakaanga kiasi gani cha kahawa yetu, na ya sasa itakwisha lini?

Kuhusu bei, msiitundike yote kwenye soko la New York, linaloongoza bei ya kahawa ya arabika duniani. Mwaka 2019 arabika ilishuka chini ya dola moja kwa ratili. Februari 2025 ilipita dola nne. Uhusiano unaofuata mawimbi hayo huvunjwa na upande wowote uliobanwa. Ombeni mkataba wa misimu kadhaa wenye bei ya chini isiyoguswa, pamoja na kifungu cha kuipandisha soko likipanda. Bila kifungu hicho, soko likiruka wanachama watamuuzia mlanguzi mwenye fedha mkononi, nami siwalaumu. Mzazi anayedaiwa ada hawezi kusubiri meli ifike.

Kwa hiyo malipo ya awali yana uzito sawa na bei yenyewe, na naona vyama vingi huogopa kuyaomba kana kwamba ni kuomba msaada. Si msaada. Kanuni za Fairtrade, nembo ya biashara ya haki, zinaruhusu wazalishaji kuomba hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba kabla ya kusafirisha. Hata mnunuzi asiye na nembo hiyo anaweza kuombwa, na jibu lake litakuonyesha kama anawahesabu kuwa wenzake.

Upande wenu pia una wajibu. Unyevu upimwe, ubaki kati ya asilimia 10 na 12. Mvua ikiwaharibia ukaushaji, mwambieni mnunuzi siku hiyo hiyo, asije akaligundua tatizo kikombeni baada ya miezi mitatu. Wakulima walionitumia habari mbaya mapema ndio niliowapigania mbele ya mabosi wangu, kwa sababu niliweza kuutafutia mzigo ule mkaangaji mwingine kabla haujapakiwa.

Na sampuli ya kabla ya kusafirisha itoke kwenye magunia yenyewe, si kwenye kapu la kahawa bora. Nusu yake ibaki kwenu, imefungwa vizuri na kuandikwa namba ya mzigo. Mnunuzi akilalamika, muionje pande zote mbili siku moja, mlinganishe alama mlizoipa ladha yake.