Molekuli moja kufanya kazi ya diodi
Mdogo wangu wa Tabora, umeuliza molekuli moja inawezaje kuwa diodi, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja. Inawezekana, na siri yote iko kwenye kuiunda. Mwaka 1974 wanasayansi Aviram na Ratner walipendekeza molekuli yenye upande unaotoa elektroni kwa urahisi, upande unaozipokea, na katikati daraja linalozitenganisha pande hizo. Umeme hupita vizuri zaidi kwa mwelekeo mmoja. Kwenye ncha mkemia hufunga salfa, maana salfa hushikana sana na dhahabu (hiyohiyo wanayochimba Nzega), na dhahabu ndiyo hutumika kama waya wa kuunganishia molekuli. Ukibadilisha kundi moja tu la atomi, upitishaji wa umeme unabadilika, na hapo ndipo raha ilipo! Mwaka 1997 watafiti kina Reed na Tour walipima umeme kupitia molekuli ya benzini (pete ya atomi sita za kaboni) yenye salfa ncha zote mbili.