Mguu wa meza unatetemeka nikikereza, tatizo ni mashine au spidi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina mashine moja ya mbao inayofanya kila kitu, msumeno wa meza, keekee, sahani ya msasa na leithi ya kukerezea, mota ni moja na spidi inabadilishwa kwa kuzungusha kitasa. Nimeiweka karakana ndogo hapa nyumbani. Nikifunga mguu wa meza wa sentimita 70 unatetemeka sana, patasi inadakwa, na juzi mti umechomoka ukagonga ukuta. Halafu nikirudi kwenye msumeno mbao haikatiki sawa. Je niiuze nitafute leithi peke yake?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na nashukuru umegonga ukuta na sio uso wako. Usiiuze bado. Kwa maelezo yako mimi nashuku spidi kabla ya kitu kingine chochote, tena ile spidi iliyobaki kutoka kazi uliyoifanya kabla ya kukereza. Msumeno unataka mbio, ila mti ambao bado una kona unataka polepole, sasa ukitoka kupasua mbao ukafunga mguu wako ukawasha bila kukumbuka kitasa, huo mti wa kona nne unaanza moja kwa moja na mbio za msumeno, hapo lazima uruke tu.

Na hizi za kitasa nyingi zina puli zinazotanuka na kubana mkanda, kwa hiyo spidi inabadilishwa mashine ikiwa inazunguka, ukilazimisha kitasa ikiwa imezima unaharibu. Ndio maana nasema shusha spidi mpaka chini kabisa KABLA hujazima, kila ukimaliza kazi, hata kama umekata kipande kimoja tu. Ukisahau, usifunge mti kwanza, toa bleidi, washa ikiwa tupu, shusha, zima, ndio ufunge. (Zile za kuhamisha mkanda kwa mkono ni kinyume chake, hizo unazima na kuchomoa plagi kabisa kabla ya kugusa mkanda.)

Sasa namba. Mbao ya mraba wa sentimita 7 ukiipima kona kwa kona inakaribia sentimita 10, hiyo ndiyo saizi inayozunguka. Anza na mizunguko 600 hadi 800 kwa dakika au ya chini kabisa uliyonayo, ikishakuwa duara panda 1200 hadi 1500, na ya kumalizia kama mti umetulia fika 1800 hivi. Kipimo changu cha haraka ni hiki, zidisha kipenyo kwa sentimita na mizunguko kwa dakika, jibu lisipite 20,000, na hapo ni mwisho wa juu kwa mti ambao tayari ni duara, sio pa kuanzia. Kwa bakuli ndio uwe makini zaidi maana kipande cha sentimita 30 kikizunguka mara 3000 kwa dakika ukingo wake unakwenda mita 47 kwa sekunde, hiyo ni karibu kilomita 170 kwa saa, na kikiwa na mpasuko mmoja tu uliojificha ndani ya mbao, basi kinapasuka na kuruka.

Patasi kudakwa ni jambo jingine. Kiegemeo cha patasi kikae karibu na mti, milimita 5 hivi, na kila mti unavyopungua unazima unakisogeza, usikisogeze ukiwa unazunguka. Zungusha mti kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha uone hakuna kona inayogusa. Halafu patasi, ule mgongo ulionolewa uguse mti kwanza bila kukata, ndio uinue mpini taratibu mpaka makali yaanze kutoa maranda. Wengi wanaanza na makali, mti unayavuta chini na hapo ndipo unasikia ile "twaa!". Patasi butu nayo inakufanya usukume kwa nguvu, kwa hiyo kinoo kiwe jirani. Na ile patasi pana ya mfereji ya kutolea kona usiipeleke kwenye bakuli kabisa, shina lake jembamba linaweza kuvunjika.

Kutetemeka katikati ya mguu, hasa ukishakuwa mwembamba, mara nyingi ni kwa sababu umekaza mno kichwa cha nyuma (kile kinachobana ncha ya pili ya mti) mpaka mti unapinda. Kaza ushike, legeza kidogo, funga loki. Urefu ukizidi unene kama mara 10 mti unaanza kucheza kama upinde, hapo tafuta kishikizo cha katikati chenye magurudumu, au anza kukata katikati umalizie ncha. Angalia na sakafu, miguu yote ya mashine ikanyage, magurudumu yawe yamefungwa, weka mifuko ya mchanga chini ya fremu maana mashine hizi ni nyepesi ukilinganisha na leithi ya chuma. Ile chuma ya meno inayoshika mti igongelee kwenye mti pembeni kwa nyundo ya mbao, usigonge ikiwa kwenye mashine, beringi zinakufa.

Glovu hapana, mikono mirefu inayoning'inia hapana, kinga ya uso mzima ndiyo. Vumbi la mbao linahesabiwa kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo barakoa ya vumbi uvae hata kwa kazi ndogo, na wakati wa msasa toa kiegemeo kabisa vidole visije vikabanwa.

Kuhusu msumeno, kila ukirudisha meza inakaa tofauti kidogo, ndio asili ya mashine za kubadilisha. Chomoa plagi, chagua jino moja la bleidi ulitie alama, pima kutoka hilo jino hadi mfereji wa meza (ule uliochongwa juu ya meza sambamba na bleidi) likiwa mbele, zungusha bleidi jino hilo hilo lije nyuma, pima tena. Vipimo vikitofautiana legeza boliti za meza usawazishe, halafu fensi, ule ubao wa kuegemezea mbao unapopasua, nayo ifuate mfereji. Na panga kazi, pasua mbao za miguu yote minne siku moja, kereza yote siku nyingine, usiwe unageuza geuza mashine kwa kila mguu. Ukishafanya hayo na bado inakata upande, nitumie vipimo vya mbele na nyuma pamoja na picha ya boliti za meza nione.