Gia imevunjika meno, vipimo nitavipataje?

*Gia ya mashine yangu ya kukamua miwa imeng'oka meno matatu. Fundi anataka vipimo, nami sina kitabu cha mashine. Nianzie wapi? (Msomaji, Kakamega)*

Anza kwa kuiosha na dizeli mpaka uone chuma. Paka jino moja chaki, kisha hesabu ukizunguka hadi uirudie chaki. Mapengo ya meno yaliyong'oka nayo yahesabu. Halafu pima kipenyo cha nje kwa venia (kipimo cha taya cha kutelezesha), toka ncha ya jino hadi ncha ya jino lililo mkabala.

Kwa gia ya meno yaliyonyooka, chukua kipenyo hicho ugawanye kwa idadi ya meno ukishaongeza 2. Unachopata ni moduli, namba inayotaja ukubwa wa jino kwa milimita, na vipimo vingine vyote vinatoka humo. Tuseme meno ni 38 na venia inasoma milimita 159.2. Gawanya kwa 40, unapata 3.98. Hiyo si moduli ya kawaida: ncha zimelika, na gia ilitengenezwa kwa moduli 4. Kwa hiyo fundi akereze chuma kipya hadi 4 × 40, yaani milimita 160. Asiinakili gia iliyochakaa. Kipenyo cha duara ambapo meno ya gia mbili hukutana ni 4 × 38, yaani 152. Kina cha jino ni moduli mara 2.25, hapa milimita 9. Unene wa jino kwenye duara hilo ni nusu ya pai (3.14) mara moduli, karibu milimita 6.28.

Nakuomba urudie kuhesabu meno, hata mara tatu. Nilipokuwa mgeni kwenye karakana hapa Nakuru, nilihesabu bila chaki, nikaruka jino moja, nikachonga gia ya meno 37 badala ya 38. Ilipofungwa ilikaa mbali na mwenzake kwa milimita 2 nzima, meno yakashikana kwa ncha tu. Mteja alikuwa na miwa iliyokwisha kukatwa, na muwa uliokatwa haungoji. Nililia siku hiyo, na tangu hapo chaki haitoki mfukoni mwangu.

*Mashine yangu ni ya zamani, ya Kiingereza. Meno 24, kipenyo cha nje 66. Moduli inakuja 2.54. Nichonge 2.5? (Fundi, Kibuye, Kisumu)*

Hapana, tafadhali. Hiyo ni gia ya inchi, na huhesabiwa kwa DP, yaani idadi ya meno kwa kila inchi ya kipenyo cha duara la kukutana. Inchi moja ni milimita 25.4. Gawanya 25.4 kwa 2.54, unapata 10 kamili: DP 10. Ukichonga moduli 2.5, kila jino linapishana na mwenzake kwa karibu milimita 0.13. Ukiigusisha kwa mkono utadhani imekubali, lakini ikianza kazi italia na kujisaga. Namba ikikataa kuangukia moduli ya kawaida, jaribu DP kabla ya kulaumu uchakavu.

*Gia yangu ina meno 17. Venia kila mara inasoma pungufu. (Bungoma)*

Idadi ikiwa witiri, jino hutazamana na pengo. Pima toka ukingo wa tundu la katikati hadi ncha ya jino, zidisha kwa 2, ongeza kipenyo cha tundu. Tundu likiwa 25 na kipimo hicho 16, kipenyo cha nje ni 57. Gawanya kwa 19: moduli 3.

*Kwa hiyo gia ya meno 38, nitumie kisu namba ngapi, na kichwa cha kugawanya nikizungushe vipi? (Fundi chipukizi, Nakuru)*

Kwenye seti ya visu 8, chukua kile cha meno 35 hadi 54; namba yake hutofautiana kati ya seti za moduli na za DP. Hakikisha kimeandikwa moduli yako, na pembe ya nyuzi 20, yaani mwinamo wa ubavu wa jino. Mashine nyingi za zamani ni 14.5, na hizo mbili hazioani. Kichwa cha kugawanya ndicho kinachoigeuza gia hatua kwa hatua; cha 40 kwa 1 mkono wake huzunguka mara 40 gia ikizunguka mara moja. Basi 40 kwa 38 ni mzunguko mmoja na sehemu 1 ya 19. Kwenye sahani yake tumia duara la matundu 19; kwa kila jino zungusha mkono mara moja kamili kisha sogea tundu moja. Kabla ya kuchonga kwa kina, gusa chuma kidogo tu mzunguko mzima, uhesabu mikwaruzo. Ikiwa 38, endelea.