Usisubiri Kisima cha Jirani Kinuke Petroli

Kwa miaka kadhaa nilisimamia kituo cha mafuta hapa Tanga mjini, mwendo mfupi kutoka baharini. Asubuhi moja bibi wa nyumba ya nyuma alikuja na ndoo ya maji aliyoyateka kisimani kwake, akaitua mlangoni pangu na kuniambia, "Hebu nusa, mwanangu." Juu ya maji ulielea utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Ndipo nilipofahamu kwamba lita zilizokuwa zikipungua kwenye daftari langu, ambazo kila mwisho wa mwezi niliziandika kuwa zimepotea kwa mvuke, zilikuwa zikiingia ardhini.

Kwa hiyo namshauri kila mwenye kituo aliamini daftari lake. Pima tangi kwa fimbo kila siku kabla ya kufungua pampu, ulinganishe na mauzo pamoja na mafuta yaliyoshushwa, wala usiridhike kwa kuwa pengo ni dogo. Petroli hunywea kwa takriban lita 1 katika kila lita 1,000 inapopoa kwa nyuzi 1 ya Selisiasi, hivyo mzigo ulioshushwa juani utaonekana kupungua usiku; lakini upungufu huo hufuata siku za kushusha, ilhali tangi linalovuja hupungua hata siku ambayo hakuna kilichouzwa. Tone moja kwa kila sekunde ni takriban lita 4 kwa siku, yaani zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Pakaa pia dawa ya kutambua maji kwenye ncha ya fimbo, kwani maji yakiongezeka ndani ya tangi wakati wa masika, na kifuniko cha kujazia ni kizima, yamkini yamepenya kwenye tundu lile lile linalotoa mafuta.

Daftari halikuambii mafuta yameelekea wapi. Kwa hilo unahitaji visima vya uangalizi, yaani visima vyembamba vya kuchunguza maji ya ardhini kuzunguka tangi, visivyopungua vitatu na vilivyokaa pembetatu, maana kwa viwili huwezi kujua maji ya ardhini yanatiririkia upande gani. Vya kwetu vilichimbwa vibaya mara ya kwanza. Fundi aliweka matundu yote ya bomba chini ya usawa wa maji, kama afanyavyo kwa kisima cha kunywa, na petroli, ambayo ni nyepesi na huelea juu ya maji, haikupata pa kuingilia. Kwa miezi mitatu tuliandika "safi" huku kisima cha bibi kikiendelea kunuka, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Matundu sharti yaanzie juu ya kiwango ambacho maji hufikia yakipanda sana, na yashuke chini ya kile ambacho hufikia yakipungua sana.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo miongozo ya nchi za bara haiwezi kukueleza. Visima vilivyo karibu na ufuko, katika mawe ya matumbawe, hupanda na kushuka pamoja na bahari, na mwelekeo wa maji unaweza kubadilika kati ya kujaa na kupwa. Pima visima vyote vitatu kwa wakati mmoja, uandike saa na hali ya bahari, kisha urudie siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo. Kipimo kisicho na saa, kwa mji kama Tanga, sikikubali.

Kabla ya kuchota sampuli, shusha kwanza chombo kinachopitisha mwanga uone kama kuna mafuta yanayoelea. Sampuli ijazwe chupa ya kioo hadi pasibaki hewa, iwekwe kwenye barafu na kufikishwa maabara upesi, kwa sababu benzini, kemikali yenye sumu iliyomo ndani ya petroli, huruka haraka.

Pua isikuhakikishie usalama. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za benzini kwa lita ya maji ya kunywa, kiasi ambacho hakuna anayeweza kukinusa, na benzini husababisha saratani ya damu. Ukishuku tu, mjulishe jirani siku hiyo hiyo, kabla ya majibu ya maabara, na umweleze kwamba klorini haiiondoi benzini na kwamba kuyachemsha maji hayo huieneza jikoni kwa mvuke. Simamisha tangi, toa mafuta yaliyobaki, utoe taarifa NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira, na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Sisi tulimvutia bibi maji ya bomba kwa gharama ya kituo, na kisima chake kikafungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao yeye mwenyewe.