Mwalimu wa Vyuma na Kilomita 21

SWALI: Nina miaka 34, naishi Tabata. Nataka kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Mwalimu wa jim ninakofanyia mazoezi amenipangia siku sita kwa wiki: nne za vyuma, mbili za kukimbia "mpaka pumzi ikate". Sasa miundi inaniuma. Anataka nimlipe miezi mitatu kwa mkupuo. Nimpe?
– Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Usimpe, dada. Huenda ni hodari wa kujenga misuli, lakini ratiba hiyo si ya mkimbiaji wa masafa. Kati ya kila kilomita tano unazokimbia, kama nne hivi zinatakiwa ziwe za polepole, mwendo wa kuongea sentensi nzima bila kuhema. Moyo na mapafu huzoea mazoezi upesi. Mifupa na kano huchelewa. Ukikimbia kasi kila mara, pumzi inakuruhusu kuongeza wakati mguu bado hauwezi, na muundi ndio unaoanza kulalamika. Ukibonyeza mfupa ukakuta maumivu yako sehemu moja tu, au yakikuamsha usiku, acha kukimbia umwone daktari kwanza. Huenda mfupa una ufa.

Kocha wa mbio utamjua kwa maswali yake. Atataka kujua sasa hivi unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, uliwahi kuumia wapi, raba zako zina umri gani, na mbio ni lini. Kisha atakutazama ukikimbia, walau dakika kumi. Mwombe ratiba ya wiki nne kwa maandishi. Tafuta humo mbio tatu au nne kwa wiki, moja ikiwa ndefu na inaongezwa kidogo kidogo, na wiki ya nne ya kupunguza. Vyuma viwepo, mara mbili kwa wiki, dakika 30 hadi 40: kunyanyuka kwa vidole vya mguu mmoja, kuchuchumaa, kupanda benchi. Akiweka vyuma vizito Jumamosi na mbio ndefu Jumapili, mwulize sababu; miguu iliyochoka hukanyaga vibaya.

Swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: "Mlima wa Mweka tutaufanyia nini?" Njia ya kilomita 21 pale Moshi inapanda kwa muda mrefu kuelekea Mweka ndipo inageuka, nawe unajifulia Dar, kwenye tambarare. Anayeijua kazi atakupeleka mahali penye miinuko, kama vilima vya Pugu, upande na ushuke pia, maana kushuka ndiko kunakoumiza mapaja.

Cheti cha ukocha cha World Athletics, hata cha daraja la kwanza, kina uzito kuliko cha jim peke yake. Omba pia namba za wakimbiaji wawili aliowaandaa kwa kilomita 21, uwaulize kama walimaliza bila majeraha. Mwezi wenu wa kwanza pamoja, mlipe kila kipindi cha mazoezi, si kwa mkupuo.