Kama nyama na damu haziurithi ufalme, mbona Yesu mfufuka alikula samaki?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 15:50 kwamba nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu. Lakini Luka 24 inaonyesha Yesu aliyefufuka akishikwa, ana mifupa, anakula samaki. Tena Mhubiri 9:5 inasema wafu hawajui lolote, ilhali mhalifu pale msalabani aliahidiwa peponi. Nikiulizwa haya nashindwa kujibu.

JIBU: Amina, mpendwa. Hayo ni maswali mawili, na uzito wake si sawa. La kwanza linajibika ndani ya sura ileile ya 15. La pili ni gumu kweli, na Wakristo wanaoliheshimu Neno hawajakubaliana.

Tuanze na 15:50. Wanaokuuliza hunukuu nusu ya mstari na kuiacha nusu ya pili: wala uharibifu kurithi kutokuharibika. Paulo anasema jambo moja mara mbili, kama Zaburi zinavyofanya. Nyama na damu ni mwanadamu katika unyonge wake, huyu anayeugua, anayezeeka na kuoza. Hata katika Mathayo 16:17 Yesu anamwambia Petro kwamba si mwili na damu vilivyomfunulia, bali Baba. Hakuna anayedhani pale panazungumziwa minofu. Sasa shuka mpaka mstari wa 53: huu uharibikao sharti uvae kutokuharibika. Ni huu huu unaovikwa, hautupwi ukaletwa mwingine. Kama Paulo angeamini kwamba roho huokoka na mwili huachwa kaburini moja kwa moja, asingeandika mistari 58 kuwapinga Wakorintho waliosema hakuna kiyama ya wafu (15:12). Mabishano haya ni ya zamani: Ireneo, askofu wa Lyons katika karne ya 2, tayari alilalamika kwamba wazushi wote huukimbilia mstari huu wa 50.

Kinachowakwaza wengi zaidi ni "mwili wa roho" katika mstari wa 44. Wanausikia kama mzuka. Rudi sura ya 2:14-15 ya waraka huohuo, Paulo anapomtofautisha mtu wa tabia ya asili na mtu wa rohoni. Wote wawili wana mifupa, wote wanakula na kulala; tofauti iko kwa anayewaongoza. Basi mwili wa roho ni mwili unaohuishwa na Roho wa Mungu, na Warumi 8:11 inalisema hilo wazi kuhusu miili yetu hii ya kufa.

Hapo Luka na Paulo hawagombani tena. Wanafunzi walidhani wanaona roho (24:37), ndiyo maana Yesu akawaonyesha mikono na miguu, kisha akala mbele yao. Samaki yule alikuwa ushahidi, na hatoshi kujengea fundisho la mapishi ya mbinguni. Yohana 20 inaonyesha upande wa pili: milango imefungwa, naye anasimama katikati yao, makovu yakiwa yangalipo.

Kuhusu Mhubiri, soma hadi 9:6. Wafu hawana tena sehemu katika yanayofanyika chini ya jua. Mwandishi anapima mambo kwa kadiri jicho la duniani linavyoona, na 12:7 anasema roho humrudia Mungu aliyeitoa. Wasabato wanasema wafu wamelala hawana fahamu, nao husoma Luka 23:43 hivi: "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami", badala ya "nakuambia, leo utakuwa pamoja nami". Hoja yao si ya kubeza, kwa sababu hati za kale za Kigiriki hazikuwa na koma ya kuamua jambo hili. Huongeza Yohana 20:17, ambapo siku ya tatu Yesu anasema bado hajapaa kwenda kwa Baba.

Mimi sishawishiki. Mhalifu aliomba akumbukwe wakati Yesu atakapoingia katika ufalme wake. "Leo" inajibu hiyo "wakati". Ukiihamishia kwenye "nakuambia", inabaki haina kazi, maana angemwambia siku gani nyingine? Na Yohana 20:17 inahusu kupaa kwake na mwili uliofufuka. Roho yake aliiweka mikononi mwa Baba palepale msalabani (Luka 23:46).

Ukiletewa mistari miwili inayoonekana kupingana, uliza kwanza kila mmoja unasemea wakati gani: kati ya kifo na kiyama, au baada ya kiyama? Watu wengi huchanganya hapo, hasa wanaohubiri misibani kana kwamba marehemu ameshamaliza safari yote. Katika Ufunuo 6:9-11 waliouawa kwa ajili ya Neno wanalia kwa sauti, na wanaambiwa wangoje bado kidogo. Wafilipi 1:23, kwenda kukaa na Kristo, ni wakati wa kwanza. Wafilipi 3:21, Kristo kuubadili mwili wetu wa unyonge ufanane na wake wa utukufu, ni wakati wa pili. Mwandishi ni mmoja, barua ni moja, tena fupi ya sura 4.